Shiti ya aluminiamu yapasuka kwa kona, nifanyeje?

Swali: Salaam aleikum fundi. Natengeneza breketi za boti huku Likoni, shiti ni 6061-T6 (6061 ni aina ya aluminiamu, T6 ni kuwa imekomazwa kwa moto), kila nikiikunja yapasuka. Nikiipiga moto itaharibika?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Haiharibiki, ila nguvu itapungua na hapo ndipo mafundi wengi hawaangalii. Pakaza sabuni ya kipande pale utakapokunja, pitisha moto wa gesi upande wa pili polepole mpaka sabuni iwe kahawia karibu na nyeusi, toa moto, iache ipoe, kisha kunja. Tafadhali usingoje iwe nyekundu kama chuma, aluminiamu haikuonyeshi rangi, utaona tu imeshayeyuka. Kuirudisha ugumu wake wa T6 wataka oveni yenye kipimo, nyuzi 530 za Selsiasi hivi, uitumbukize kwa maji hapohapo, halafu nyuzi 175 kwa muda wa masaa 8 hivi, na hio kwa jiko la makaa hupati kabisa. Kwa breketi ya kubeba injini mimi ningechukua aina nyengine, 5052-H32 (H32 ni ugumu wa kufuliwa baridi), yakunjika baridi na yastahimili maji ya chumvi, japo hio huwezi kuizidisha ugumu kwa moto. Ukibaki na 6061, kona iwe ya mviringo mpana, si kali.