Sapu ya mawimbi: maswali yenu kuhusu ubao, kafi na bahari ya Dar

Kusi limeanza kushika kasi, na maswali yanayoniingia yamebadilika. Miezi iliyopita mlikuwa mnauliza namna ya kusimama kwenye sapu, ule ubao wa kusimama na kupiga kafi, bila kuanguka pale ghuba ya Msasani. Sasa mnataka kupanda mawimbi, na nimefurahi kwa dhati, kwa sababu bahari yetu ina mengi ya kutoa kuliko kuelea tu. Lakini wengi mnanitajia kampuni iliyotengeneza ubao, au rangi yake, na wachache tu wanataja kilo zao na ufukwe watakaoingilia. Bila hayo mawili siwezi kumshauri mtu ubao. Leo nimechagua maswali yaliyokuja nayo, pamoja na machache yanayotuhusu sote.

Nina kilo 82. Sapu yangu ni ya futi 11 na nusu, naenda nayo kutoka Msasani mpaka karibu na Bongoyo bila shida. Nikiipeleka Coco Beach kwenye mawimbi, omo, yaani ncha ya mbele, inazama na mimi narushwa mbele. Tatizo ni mimi au ubao? (Msomaji, Mikocheni)

Kwa sehemu kubwa ni ubao. Sapu ya safari imetengenezwa kwa maji yaliyotulia: ndefu, omo imechongoka, na tumbo limenyooka karibu kutoka omo hadi tezi, yaani mwisho wa nyuma. Kunyooka huko ndiko kunakokufikisha Bongoyo bila kuchoka. Wimbi likikujia kwa nyuma linainua tezi, omo inashuka, na kwa kuwa haikupinda kwenda juu inachimba maji kama jembe. Ubao unasimama ghafla, wewe unaendelea na safari.

Ilaze sapu ya mawimbi sakafuni uitazame kwa ubavu. Utaona omo imeinuka wazi na tezi imeinuka kidogo. Halafu pitisha kiganja kwenye kingo zake: katikati ni za mviringo, lakini karibu na tezi zinakuwa nyembamba na kali. Ukali huo wa nyuma ndio unaoshika ukuta wa wimbi unapokata kona. Kingo nene za sapu ya safari zinateleza tu.

Kwa kilo zako tafuta futi 9 hadi 9 na nusu, upana inchi 31 au 32, ujazo kati ya lita 135 na 145. Usishawishiwe na zile za futi 7 na 8 unazoziona kwenye video za Hawaii. Mawimbi yetu mengi ni ya upepo: mafupi, yamevurugika, hayana msukumo mkubwa. Ubao mfupi unahitaji wimbi lenye nguvu ili uondoke. Kwa sababu hiyohiyo chagua tezi pana, iliyokatwa mraba au ya mviringo, uiache ile iliyochongoka. Ile ni ya wimbi refu kuliko mtu, lenye kasi.

Wakati unatafuta, tumia hiyo uliyonayo kwenye mawimbi ya kiunoni tu, na mara tezi inapoanza kuinuka rudisha mguu mmoja nyuma uweke uzito huko. Ila Jumapili jioni Coco usiende nayo. Maji yanajaa watoto, na ubao wa futi 11 ukikuponyoka unafagia kila aliye mbele yake.

Kocha, shikamoo. Nina kilo 58 na muuzaji ananiambia lita 140 ndizo salama kwa mwanafunzi yeyote. Ni kweli? (Msomaji, Kinondoni)

Marahaba. Si kweli, na ushauri huu umewakatisha tamaa dada zetu wengi, maana wanapewa ubao wa kumbeba baba mzima kisha wanaambiwa hawana nguvu.

Hesabu ni nyepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja kidogo. Wewe kilo 58, ubao wenyewe tuseme kilo 8, jumla 66. Kwa hiyo ubao wa lita 65 hivi ungekubeba huku mgongo wake uko sawasawa na maji, na kila kijiwimbi kingekuangusha. Kila lita unayoongeza juu ya hapo ni utulivu. Swali ni uongeze ngapi. Anayeanza mawimbi namshauri azidishe kilo zake kwa 1.6 au 1.7. Kwako inakuja 93 hadi 99, na kwa kuwa bahari yetu ina vurugu za upepo, panda kidogo: 100 hadi 110 inatosha kabisa. Ukishazoea, zidisha kwa 1.3. Mabingwa hushuka hadi karibu na kilo zao wenyewe, lakini hao hawahitaji ushauri wangu.

Lita zikizidi sana ubao unaelea juu kama boya. Unasimama vizuri, ila kingo haziingii kwenye maji, hivyo haugeuki hata uegemee vipi. Na upepo wa kusi unaukamata ukiwa bado unatembea nao mchangani.

Jambo la pili ni upana. Watu wawili wenye kilo sawa, mmoja kwenye inchi 32 na mwingine kwenye inchi 27 zenye lita zilezile, hawana siku moja. Kwa umbo lako anza na 29 au 30. Muulize huyo muuzaji namba tatu, yaani lita, upana na urefu, na umuulize kwa mpangilio huo. Kwa kawaida zimeandikwa chini ya ubao. Kama hazimo na yeye hazijui, nenda kwingine.

Jirani yangu Masaki anahama nchi, anauza sapu ngumu ya mawimbi kwa bei nzuri. Nitajuaje kama ni nzima?

Nenda mchana, na usikubali kuiona ikiwa imefungwa kwenye mfuko.

Bonyeza mgongo wake kwa vidole gumba viwili, hasa katikati pale miguu inaposimama. Sehemu nzima ni ngumu kila mahali. Ikibonyea na kurudi, faiba imeachana na povu la ndani, na ugonjwa huo huenea. Kisha igonge kwa kifundo cha kidole kutoka omo hadi tezi usikilize: mlio ukibadilika ghafla ukawa wa uvungu, rudi ubonyeze hapo.

Baada ya hapo ipime. Mizani ya kuning'iniza inatosha, na kamba mbili. Linganisha na uzito uliotajwa na watengenezaji. Kilo moja na nusu au mbili za ziada, bila marekebisho makubwa ya kuonekana, ni maji yaliyoingia ndani. Tafuta pia kijiskurubu kidogo cha kutolea hewa mgongoni. Kifungue, uinamishe ubao kikiwa chini, usubiri. Kikitoa hata tone, bei inashuka au unaondoka.

Mwisho shika pezi la kati, lile la chini ya tezi, ulitikise. Pezi lenyewe kuchezacheza si neno, skurubu hukazwa. Ila kama kisanduku chake kinacheza, au kuna ufa mwembamba wa kahawia kukizunguka, huo ubao umeshawahi kugonga mwamba.

Sapu yangu imepata ufa ubavuni. Fundi wa boti amesema anaziba kwa saa moja. Nimpe? (Msomaji, Kunduchi)

Usimpe kabla hujamuuliza anatumia gundi gani. Tafadhali soma hili mpaka mwisho.

Mafundi wetu wa boti za faiba wanajua kazi, lakini wengi wanatumia resini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayochanganywa na matone machache ya kuigandisha. Kwa boti ni sawa. Sapu nyingi ngumu ndani zina povu jeupe, ndugu wa lile linalokuja kwenye boksi la televisheni, na poliesta ina kemikali inayoliyeyusha povu hilo. Fundi anapaka vizuri nje, ndani kunabaki shimo. Unachohitaji ni epoksi, ambayo huchanganywa sehemu mbili kwa vipimo, kwa mfano mbili kwa moja, na haina harufu ile.

Kama fundi hana uhakika na kopo lake, chukueni kipande cha povu la televisheni mkidondoshee resini mbele ya macho yenu. Kikianza kunywea, mshukuru na ubebe ubao wako.

Na hata kwa epoksi, saa moja haitoshi. Ukishaona ufa toka majini siku hiyohiyo, suuza chumvi kwa maji baridi, kisha uweke ubao kivulini ufa ukiangalia chini mpaka ukauke kabisa. Ufa mdogo huchukua siku kadhaa, mkubwa wiki. Ukiziba unyevu ndani, jua la mchana litaugeuza mvuke, na faiba itavimba. Fundi akikuambia apake rangi nyeusi ipendeze, kataa. Rangi nyeupe inavuta joto kidogo.

Sina gari. Natoka Kariakoo, navuka na pantoni kwenda Kigamboni. Ile ya kujaza upepo inafaa mawimbi?

Inafaa kujifunzia. Kubeba futi 9 za faiba ndani ya pantoni saa za msongamano ni kugombana na watu, wakati ya upepo inakaa mgongoni kama begi. Chagua yenye unene wa chini ya inchi 5, maana zile za inchi 6 zinakuweka juu mno ya maji, na omo iwe imeinuka. Jaza mpaka PSI 15 (kipimo cha msukumo wa hewa) kama mtengenezaji ameruhusu, kwa sababu ikilegea inakunjika katikati ya wimbi. Usiiache juani ikiwa imejaa: hewa ndani hupanuka na kufungua maungio. Kingo zake ni nene, hivyo kona kali hutaziweza. Siku ukianza kuzitaka, tafuta mtu upande wa Kigamboni wa kukuhifadhia ubao mgumu.

Kafi ya mawimbi iwe na urefu gani?

Urefu wako ongeza sentimita 10 hadi 15. Ya safari huwa ndefu zaidi, 20 hadi 25. Kwenye wimbi unapiga magoti na kuchuchumaa, na kafi ndefu inakukwaza. Bapa liwe dogo, upige haraka haraka. Na jamani, bapa linapinda kuelekea mbele, mbali na wewe. Kila wiki naona watu wameligeuza.

Tuingie lini na wapi?

Pwani ya Mbezi na Kunduchi ina visiwa na miamba mbele yake, akina Mbudya na Bongoyo, kwa hiyo mawimbi hufika yamechoka. Hapo ni pa kujifunzia mizani. Fukwe za Kigamboni za kusini, kuanzia Mjimwema kwenda mbele, zinatazama bahari iliyo wazi kati ya Unguja na Mafia, na wimbi la kusi linaingia moja kwa moja. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba au Oktoba, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Nyakati zote mbili asubuhi mapema upepo huwa mdogo na maji ni safi zaidi.

Zaidi ya upepo, tazama maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita 3. Maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Coco maji yakipwa mwamba unabaki wazi, na dakika chache kabla ya hapo umefunikwa kwa maji ya magotini, hauonekani. Ingia maji yanapojaa, toka yakianza kurudi. Pezi la kati la inchi 10 liache nyumbani, weka la inchi 7 au 8 pamoja na mawili madogo ya pembeni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, siku hiyo kaa nchi kavu.

Sijui kuogelea vizuri, lakini nina jaketi okozi na kamba ya mguuni. Inatosha? (Msomaji, Tegeta)

Kwa mawimbi, haitoshi. Kamba hukatika, ubao unaenda ufukweni peke yake, unabaki wewe na mkondo. Jifunze kuogelea kwanza, nitafurahi ukiniandikia ukishaweza. Kamba yenyewe iwe iliyonyooka, yenye urefu unaokaribia wa ubao. Ile iliyojikunja kama waya wa simu ya mezani ni ya maji matulivu, kwenye wimbi hujivuta na kukurudishia ubao usoni. Ukianguka, angukia upande wa bahari kuu au ubavuni, usiangukie kati ya ubao na ufukwe. Na jilaze bapa, usitangulize miguu wala kichwa, chini kuna mwamba.

Mwanangu ana miaka 11 na kilo 34. Anaweza kutumia ubao wangu wa lita 130?

Atasimama, ila hataweza kuugeuza wala kuubeba, na ukimgonga utamuumiza. Mtafutie wenye uso laini wa povu, lita 60 hadi 70, upana inchi 27 au 28, na kafi fupi ya mtoto. Anzeni Mbezi au Kunduchi kwenye mchanga, maji yakiwa kiunoni mwako, wewe ukishika tezi na kumsukuma kwenye povu la wimbi lililokwisha kuvunjika. Kafi aiache mchangani siku za mwanzo.