Fritata ya mboga na jibini kwenye eafraya: kamua mboga, punguza moto

Fritata, yaani mayai yaliyookwa pamoja na mboga na jibini, ikiharibika kwenye eafraya (mashine ya umeme inayopika kwa upepo wa moto), lawama huenda kwa mayai au kwa mashine. Mara nyingi chanzo ni kwamba mpishi hakuzingatia moto unatokea wapi. Kwenye eafraya nyingi koili iko juu, feni iko juu yake, na upepo wa moto unashuka kupiga uso wa chakula kabla ya kuzunguka pembeni na chini. Kwa chipsi au vipapatio vya kuku hilo ni jambo zuri. Kwa mayai mabichi yaliyomiminwa kwenye chombo, maana yake juu kunaiva na kukauka huku katikati bado ni maji. Karibu kila kipimo utakachosoma hapa, kuanzia upana wa chombo hadi wakati wa kuweka jibini, kinatokana na hilo.

Kwa watu wawili wenye njaa, au watatu wakiwa na chapati, andaa mayai 4 ya kisasa, maziwa vijiko 4 vya chakula, jibini iliyokwanguliwa gramu 60 (konzi moja iliyojaa), kikombe kimoja cha mboga zilizokwisha kupikwa na kukamuliwa, kitunguu kimoja cha wastani, mafuta kijiko kimoja cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, na pilipili manga kiasi unachopenda. Ukiwa na mayai ya kienyeji weka 5 au 6, kwa sababu ni madogo. Kiini chake kimekolea rangi, na fritata yake inapendeza mezani kuliko ile ya mayai ya kisasa.

Chumvi isizidi hapo. Jibini inakuja na chumvi yake, na feta inakuja nayo nyingi. Ukitumia feta, usiweke chumvi kabisa kwenye mayai.

Maziwa ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila yai. Watu huzidisha wakitafuta ulaini, lakini maziwa yakizidi mayai yanashindwa kushikana, na unapata kitu kinachotetemeka hata kikishapoa. Maziwa ya kununua kwa mfugaji yachemshwe kwanza, kisha yapoe kabisa, maana yakiwa ya moto yatagandisha mayai vipandevipande bakulini. Ule utando mzito unaobaki juu usiutupe, ndiyo mafuta ya maziwa, uchanganye humo humo. Kama una mtindi mzito, vijiko 2 vinatosha badala ya maziwa.

Chombo

Chagua chombo kabla ya kuvunja yai. Kwa mayai 4 kinafaa cha duara chenye upana wa sentimita 16, kuta zake zisizidi sentimita 6. Mchanganyiko utafika kimo cha sentimita 2 hivi, na hicho ni kina ambacho moto wa juu unaweza kukimaliza kabla uso haujakauka. Ukivuka sentimita 3 umejitafutia shida. Kuta ndefu nazo zinakinga upepo, chakula kinabaki kivulini. Na kati ya chombo na kikapu acha nafasi ya angalau sentimita moja na nusu kuzunguka pande zote, hewa ipate pa kushukia. Chombo kilichobana kikapu hutoa fritata iliyoiva juu na mbichi chini, hata ukiongeza dakika ngapi.

Sufuria ndogo ya aluminiamu, zile zisizo na mshikio zinazouzwa kwa seti, inafanya kazi hii vizuri kuliko vyombo vingi vya bei kubwa. Aluminiamu hupitisha moto haraka, kwa hiyo pembeni na chini vinaiva sambamba na juu. Kioo kinene na kauri vinachelewa, uongeze dakika 4 au 5, na bakuli la kioo lililotoka kwenye friji lisiingizwe moja kwa moja kwenye moto, linaweza kupasuka. Chombo cha silikoni kinabandua vizuri lakini hupinda kikibebwa kimejaa. Kiweke kwanza ndani ya kikapu, ndipo umimine mayai. Vile vya foili vya kutupa navyo ni hivyo hivyo.

Kukitoa chombo cha moto ndani ya kikapu kirefu ndiko kunakounguza vidole. Kunja foili mara tatu upate mkanda wa upana wa vidole viwili, upitishe chini ya chombo, ncha mbili zipande ukutani na kukunjwa ukingoni zisipeperuke. Hizo ndizo mikono ya kukinyanyulia.

Paka mafuta chini na kuta zote mpaka ukingoni, kisha weka duara la karatasi ya kuokea chini. Karatasi isikae peke yake ndani ya eafraya inayopashwa moto, kwa sababu feni huinyanyua mpaka kwenye koili nayo inaungua.

Mboga

Hapa ndipo fritata inapopatikana au kupotea. Mboga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na ndani ya dakika 15 za eafraya maji hayo yanatoka, yanatuama chini ya mayai na kuyazuia kushikana. Ukikata kipande, sahani inajaa majimaji. Kwa hiyo kila mboga ipikwe kwanza, ikauke, ndipo ikutane na mayai.

Mafungu mawili ya mchicha yakishapikwa yanabaki konzi moja tu, basi usiogope wingi. Chambua, osha, katakata, tia kwenye kikaango chenye moto mkali bila kuongeza maji, maana yaliyobaki majanini yanatosha. Geuza kwa dakika 2. Ukinywea, umwage kwenye chujio, uache upoe, halafu uukamue kwa mkono konzi kwa konzi mpaka usidondoshe tena. Maji ya kijani yatakayotoka ni mengi kuliko unavyodhani, na yote yangeishia kwenye mayai yako. Ukishakamua, uchambue tena kwa vidole, kwa sababu mchicha uliokamuliwa hujifunga donge, na donge likiingia hivyo hivyo litakaa sehemu moja ya fritata.

Mnafu uchemshe kwanza na umwage maji yake ili uchungu upungue, kisha ukamue vilevile. Uchungu kidogo unaobaki unakwenda vizuri mno na jibini ya gouda iliyokomaa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo fritata bora inayoweza kutoka jikoni la Arusha au Moshi, na inastahili kupewa nafasi kabla ya kukimbilia mboga za mapishi ya kigeni. Majani ya maboga nayo yanafaa, mradi umeyamenya nyuzi.

Nyanya chagua zile ndefu na ngumu. Zipasue, toa mbegu na majimaji kwa kijiko, utumie nyama yake tu. Uyoga ukaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta wala chumvi, mpaka utoe maji yake na yakauke yenyewe. Mafuta yafuate baadaye. Hoho inahitaji dakika 2 au 3 tu, karoti ikwanguliwe, kabichi ikatwe nyembamba kama ya kachumbari. Zukini na bilinganya zipake chumvi, ziache dakika 15, zikamue, na hapo chumvi ya mayai uipunguze. Kitunguu kipe muda wake: dakika 5 au 6 kwa moto wa wastani mpaka kilainike na kianze kupata rangi. Kitunguu kibichi hakiivi ndani ya mayai, kinabaki kikali na kinalia mdomoni.

Viazi au ndizi mshare vilivyochemshwa vinaifanya fritata kuwa mlo kamili, lakini viive kabisa kwanza. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Ndiyo maana viazi vinachelewa kuiva kuliko muda ulioandikwa na wapishi wa pwani. Choma kwa uma, usiamini saa. Mayai yenyewe hayasumbuliwi na mwinuko, kwa sababu yanaganda kabla ya kufikia moto huo.

Parachichi lisiingie. Likipata moto linakuwa chungu. Likate pembeni, lile na fritata ikiwa tayari.

Kwa wanaonunua kwa wingi, gulio la Tengeru la Jumatano na Jumamosi lina mboga za majani nzuri. Siku nyingine Kilombero kwa Arusha na Mbuyuni kwa Moshi zinatosha kabisa. Nenda asubuhi, mchicha ukiwa haujanyauka.

Jibini

Gouda na cheddar zinayeyuka vizuri na zina ladha. Mozzarella inavutika lakini imepoa kiladha, ichanganye na nyingine. Mozzarella laini inayouzwa ndani ya maji iache, inarudisha yale maji uliyohangaika kuyatoa. Vile vipande vyembamba vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye plastiki vinayeyuka na kuwa gundi juu ya mayai, sisi hatuvitumii. Nunua kipande kizima, ukwangue mwenyewe kwa upande wa matundu makubwa.

Nusu ya jibini inaingia ndani ya mayai, nusu inabaki kwa ajili ya juu. Ikizidi gramu 80 kwa mayai 4, mafuta yake yanajitenga na kuelea.

Kupika

Washa eafraya nyuzi 150, ipate moto dakika 3 ikiwa tupu. Wakati huo vunja mayai, yapige kwa uma na maziwa, chumvi na pilipili manga mpaka ute usionekane. Usiyapige mpaka yafanye povu. Povu linaumuka kwa kishindo kwenye upepo wa eafraya, kisha linaanguka na kuacha bonde katikati. Tia mboga zikiwa zimepoa, tia nusu ya jibini, geuza mara chache, mimina kwenye chombo. Sawazisha mboga kwa uma, na zile zilizochungulia juu zididimize, la sivyo zitaungua kwanza.

Oka kwa nyuzi 150 dakika 11, kisha fungua utazame. Kingo ziwe zimeshika, katikati bado pakitikisika. Hapo ndipo jibini iliyobaki inawekwa juu, ukiibonyeza kidogo kwa kijiko isipeperushwe na feni. Rudisha dakika 2 kwa nyuzi 150, halafu panda hadi 180 kwa dakika 2 za mwisho ili juu pawe na rangi. Jibini iliyowekwa tangu mwanzo inakuwa ganda gumu la kahawia muda mrefu kabla mayai hayajaiva.

Mashine hazifanani, na baadhi zina moto mkali kuliko namba inayoonyeshwa. Mayai yaliyotoka kwenye friji, au jiko la Arusha asubuhi ya Julai, yanahitaji dakika 2 au 3 zaidi. Tikisa chombo: katikati patetemeke kwa pamoja, pasichezecheze kama maji. Chomeka kisu katikati, kitoke na unyevu lakini bila yai bichi. Mwenye kipimajoto cha chakula asome nyuzi 72 hadi 74. Kisha iache nje dakika 5 kabla ya kukata. Inaendelea kuiva kwa moto wake yenyewe, na kushuka kidogo ni kawaida kwa sababu mvuke unatoka.

Ikikataa

Juu imeungua na ndani ni mbichi: moto ulikuwa mkali au chombo kina kina kirefu. Usiitupe. Funika kwa foili iliyobanwa kwa nguvu chini ya ukingo wa chombo, shusha hadi nyuzi 140, ongeza dakika 5. Foili iliyolegea itarushwa kwenye koili.

Imekuwa ngumu, ina vitundu, na inachuruzika maji ingawa mboga zilikamuliwa: imeiva kupita kiasi. Protini ya yai ikipata moto mwingi inajikaza na kukamua maji yake nje. Wakati ujao punguza dakika 2. Rangi ya kijani-kijivu ndani ya mayai nayo hutokana na moto mwingi, chuma ya kiini ikikutana na salfa ya ute. Haina madhara, ila haipendezi.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Moto uliomo unaendelea kupika kwa dakika kadhaa. Ukirudi haraka, malizia. Usiporudi ndani ya dakika 10, funika sufuria na uimalizie kwenye jiko la gesi kwa moto mdogo kabisa. Utakosa rangi ya juu lakini chakula hakijaharibika. Jioni umeme ukiwa mdogo, eafraya inapoa na muda unaongezeka, basi fuata kisu, si saa. Na mashine ya wati 1,500 ichomekwe ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha friji na televisheni. Kwa upande wa LUKU (umeme wa kulipia kabla), mapishi haya yote hayafiki nusu uniti.

Kiporo kikae kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kupikwa, na kiliwe ndani ya siku 3. Kipashe kwa nyuzi 140 dakika 4, kimefunikwa foili iliyobanwa vizuri, mpaka katikati pawe moto kabisa. Kwa mtoto wa shule iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga kwenye kontena, mvuke usije ukailowesha, na siku za joto la Moshi uweke mfuko wa barafu pembeni yake.