Muulize Afande: Leza kwenye bastola

SWALI: Jambo afande. Mimi nafanya biashara ya ng'ombe huku Mbarara, nina bastola ya milimita 9 na kibali ninacho. Juzi nimefunga leza chini ya mtutu, usiku nikiwasha ile nukta nyekundu inakaa ukutani vizuri sana, lakini nilivyoenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) risasi karibu zote zimeenda chini upande wa kushoto. Wameniuzia feki ama?
– Mzee wa Ng'ombe, Mbarara

JIBU: Jambo mzee. Sidhani ni feki, na samahani nikikwambia ukweli, nadhani ni kidole chako. Unatumia mkono wa kulia si ndiyo? Mtu wa kulia akivuta triga kwa nguvu mara moja, bastola inainama chini na kushoto hata kabla risasi haijatoka. Leza inakuonyesha mtutu umeangalia wapi sasa hivi, basi, lile tendo la kidole haliwezi kulizuia.

Jipime hivi. Toa magazini, vuta slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho halafu ingiza na kidole uguse kabisa, risasi zote zipeleke chumba kingine (mimi hata nikiwa peke yangu nyumbani nazipeleka, mke wangu huwa ananicheka). Simama mita 5 hivi kutoka ukuta wa matofali ambao nyuma yake hakuna mtu, washa leza, vuta triga polepole huku unaangalia nukta. Ikiruka chini kushoto wakati triga inalia "ka!", umempata mwizi. Fanya dakika 10 kila jioni wiki mbili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya leza, inakuwa mwalimu asiyekuonea haya. Na usiogope nukta ikitetemeka kidogo, mikono ya kila mtu inatetemeka, kosa ni kungojea itulie halafu unaivutia triga haraka haraka, hapo ndio unaharibu.

Ukirudi renji weka bastola juu ya kagunia ka mchanga upige 5 taratibu. Zikitawanyika, bado ni wewe. Zikikaa pamoja lakini mbali na nukta, hapo sasa zungusha vile viskrubu vidogo vya leza. Tena ujue leza yako imekaa chini ya mtutu, tuseme sentimita 3, kwa hiyo nukta na risasi zinakutana umbali mmoja tu. Ukiipanga kwa mita 10, ukiwa mita 5 risasi itapiga juu ya nukta kama sentimita moja na nusu, mita 20 itapiga chini yake sentimita 4 hivi. Kwa bastola si kitu kikubwa lakini watu wanagombana sana hapo renji kwa sababu ya hii.

Bado jifunze ile saiti ya chuma, zile alama za kulengea zilizo juu ya bastola, maana betri inaisha siku unayoihitaji.

SWALI: Afande, eti leza ya kijani ni kali kuliko nyekundu? Na watoto wangu wanaipenda kuchezea paka nayo.
– Mama Brian, Jinja

JIBU: Mama Brian, kwanza hiyo ya paka simamisha leo leo. Kama leza bado imefungwa kwenye bastola maana yake watoto wameshika bastola, na hapo leza si shida tena, funga silaha kwenye sefu. Hata ikiwa imefunguliwa, nyingi za bastola ni chini ya miliwati 5 lakini mtoto akiikodolea macho inaweza kumuumiza ndani ya jicho, na kioo kinairudisha vilevile.

Kijani si kwamba ina nguvu zaidi, ni jicho letu linaiona vizuri zaidi. Urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi, kwa nyekundu ni nanomita 635 mpaka 650, kijani 520 mpaka 532, na jicho mchana linapenda karibu na 555. Ndiyo maana saa sita jua la Jinja likiwaka nyekundu inapotea kabisa ukutani na kijani bado unaiona. Ila inakula betri zaidi. Na kwenye ukungu au vumbi mstari wake wote unaonekana mpaka ulipotoka, kwa hiyo yule unayemlenga naye anajua umesimama wapi.