Bosi kaandika "gobbledygook" kwenye ripoti yangu. Ni tusi?

SWALI: Mimi ni ofisa miradi kwenye shirika moja hapa Dodoma, na ripoti zetu tunaandika kwa Kiingereza. Mkuu wangu, Mmarekani mtu mzima, kanirudishia rasimu akiwa ameandika neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "gobbledygook". Sentensi aliyoipigia mstari ilikuwa na maneno "operationalisation of capacity-strengthening modalities", nikimaanisha tuliwafundisha wanavikundi kuweka hesabu. Kamusi ya kwenye simu inasema "upuuzi". Je, kanitukana? Na neno hili naweza kulitumia kwenye barua?

JIBU: Hujatukanwa, ndugu yangu. Umekosolewa, tena barabara, lakini kwa neno lenye utani ndani yake.

Kamusi yako imekupa nusu tu. Upuuzi ni maneno yasiyo na maana. Gobbledygook yanaweza kuwa na maana, tena ya kweli tupu, ila imefukiwa chini ya maneno marefu ya kiofisi mpaka msomaji anakata tamaa ya kuichimbua. Bosi hakusema kazi yenu ya vikundi ni ya ovyo. Kasema haioni.

Maneno mengi ya mzaha hayajulikani yalizaliwa wapi, lakini hili lina baba. Maury Maverick wa Texas, aliyewahi kuwa mbunge wa Marekani na kisha meya wa San Antonio, mwaka 1944 alikuwa anaongoza shirika la serikali lililosaidia viwanda vidogo kupata kazi za vita. Nyaraka za maofisa zikamchosha. Mwezi Machi akawaandikia wafanyakazi wake waache "gobbledygook": andikeni kwa ufupi, kwa lugha ya kawaida, na atakayetumia "activation" au "implementation" atapigwa risasi. Alipotakiwa kueleza neno kalitoa wapi, akasema labda alimkumbuka bata mzinga dume wa kwao Texas, anavyotembea kwa maringo huku akibwabwaja "gobble, gobble". Ukoo huo una bahati na maneno: babu yake, Samuel Maverick, hakuwa akiwapiga chapa ng'ombe wake, na ndipo Waamerika wakapata "maverick", mtu asiyefuata kundi.

Kwa hiyo shabaha ya neno ni majivuno ya lugha. Na usidhani ni ugonjwa wa Kiingereza peke yake. Soma hii: "Mchakato wa uboreshaji wa miundombinu ya utoaji wa huduma ya maji uko katika hatua za mwisho za uratibu." Mwananchi mwenye ndoo mkononi anataka kujua jambo moja tu, na jibu lake ni "Bomba bado." Sentensi nzima haina mtu anayefanya kitu. Kila kitendo kimegeuzwa jina, na majina yamefungwa kwa "wa" na "ya" kama mabehewa. Sentensi yako ya Kiingereza ina ugonjwa huohuo.

Kutafsiri neno lenyewe ni kazi. "Porojo" ni maneno ya kupiga gumzo, hayana suti wala tai. "Kizungumkuti" kina mlio mzuri wa kuchekesha, ila hicho ni hali ya kutatanika, si maandishi. Mimi huandika "maneno ya kiofisi yasiyoeleweka" na kuukubali msiba wa kupoteza bata mzinga. Usilichanganye pia na istilahi za fani: madaktari wawili wakizungumza kwa maneno yao wanaelewana vizuri, na yanageuka gobbledygook pale mgonjwa anapoambiwa hayohayo.

Matumizi yake ni rahisi. Halina wingi, wala halitanguliwi na "a". Waingereza wengi huliandika "gobbledegook", kwa "e" katikati, na zote mbili ni sahihi. Linasemwa juu ya maneno, kwa hiyo huwezi kumwita mtu hivyo. Siku hizi watu hulitumia hata kwa faili linalofunguka likiwa na alama za ajabu ajabu.

Kwenye barua kwa mfadhili, liache. Lina harufu ya mzee mcheshi, na kutoka kwa mtu usiyezoeana naye linaweza kusomeka kama dharau. Andika tu kwamba aya fulani haieleweki na ungependa ufafanuzi. Kwa mwenzako wa meza ya pili, au kwenye makala ya gazeti, linafaa sana.

Sasa irudishe rasimu. Weka mtu mbele na kitenzi nyuma yake: "We taught the savings groups to keep their own books." Kisha pitia kurasa zilizobaki ukitafuta maneno yanayoishia na "-ation". Uliza kila moja ni nani aliyefanya nini. Lisilo na jibu, lifute.