Barua kwa mwanangu: maji ya kikombe

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Dar es Salaam imenifikia, nami nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama ubatizo ulioupata kwa maji ya kikombe ni ubatizo kweli, au inakupasa ubatizwe tena kwa maji mengi, kama wanavyokushauri wenzako wa kanisa unalosali sasa.

Nianze na lile walilo nalo haki. Neno la Kigiriki baptizo maana yake ni kuchovya au kuzamisha. Yohana alibatiza Ainoni kwa sababu palikuwa na maji mengi. Na Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 6, anafananisha ubatizo na kuzikwa pamoja na Kristo, mfano ambao mtu anayezama na kuibuka anauonesha waziwazi kuliko anayemwagiwa kichwani. Jumapili iliyopita alfajiri nilisimama ufukweni nikiwatazama Walokole wakingoja maji yajae, maana hapa kwetu bahari ikipwa hupati kina cha kumzamisha mtu mpaka utembee mbali. Walipoibuka mmoja mmoja wakiimba, nililia. Mtu akiudharau ubatizo ule mbele yangu, hata awe wa kanisa langu Katoliki, nitamkanya.

Hata hivyo, neno hilohilo Luka analitumia katika sura ya 11, Farisayo aliposhangaa kwamba Yesu hakunawa kabla ya chakula, nami siamini kwamba Farisayo yule alitaka mgeni wake azame mzima. Tena iko Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa. Humo imeagizwa kubatiza katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Yasipowezekana ya baridi, basi ya moto. Na yote yakikosekana, kumimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Ona jinsi wazee wale walivyokubali maji yapungue hatua kwa hatua, lakini Jina hawakulipunguza hata kidogo.

Sasa nikueleze ambalo sikuwahi kukusimulia lote. Ulizaliwa kabla ya siku zako, usiku, nyumbani kwa bibi yako, ukiwa huna hata sauti ya kulia. Bibi alichota maji ya mtungi kwa kikombe, akakumwagia mara tatu akitamka maneno yale, mikono ikimtetemeka, akakupa jina. Kwa maana mtu akiwa katika hatari ya kufa, hata asiye padri anaruhusiwa kumbatiza. Ulipopata nguvu tulikupeleka misheni, palepale walipofika mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nami nilidhani utabatizwa upya. Padri alimhoji bibi kwa makini, maji gani, maneno gani, kisha akakupaka krisma, yale mafuta matakatifu, akakuvika kitambaa cheupe, akawapa wasimamizi wako mshumaa. Maji hakukumwagia. Nilipomwuliza sababu, alinisomea Waefeso sura ya 4: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja.

Najua watasema mtoto mchanga hawezi kuamini. Hilo ni swali jingine, tena zito, na ndilo lililowatenga Wakristo wa Zurich, mji wa Uswisi, mwaka 1525. Ila hata wao, siku ile walipobatizana wakiwa watu wazima, walimiminiana maji. Mimi siwezi kukubali kwamba usiku ule Mungu alikuwa akingoja ukue.

Kanisa letu halimbatizi upya aliyezamishwa baharini kwa maji na kwa Jina hilo, nami nawaomba wenzako wakutendee vivyo hivyo. Ukitaka kuikiri imani yako mbele ya watu, ikiri kwa sauti kuu, nami nitakuja kusimama nawe. Lakini usikubali kutamka kwamba hukubatizwa. Cheti chako ninacho sandukuni, na tarehe ya ubatizo iliyoandikwa humo si ile ya krisma na mshumaa, ni ya usiku wa kikombe cha bibi yako.

Mama yako