Usikate soketi ya redio: maneno machache kwa fundi umeme mpya

Ukianza kujifunza umeme wa magari hapa Mbeya, kazi ya kwanza utakayoachiwa peke yako huenda ikawa kubadilisha redio. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na redio zake za zamani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati kwetu vituo vinaanzia 87.5 na kupanda hadi 108. Mwenye gari anaambulia vituo viwili vitatu, basi. Anakuja Mwanjelwa na redio mpya kwenye boksi, anataka aondoke inaimba.

Utawaona wakubwa zako wakishika plaizi, wanakata soketi ya zamani, ile inayochomekwa nyuma ya redio, kwa mkupuo mmoja, wanamenya waya, wanasokota, wanazungusha tepu. Dakika 10, kazi imekwisha. Usiwaige. Mimi niliwaiga.

Ilikuwa Toyota. Redio mpya ilikuwa na waya wa njano, mwekundu na mweusi. Nyuma ya dashibodi nikakuta wa njano, mwekundu na mweusi. Nikaona Mungu kanirahisishia, nikaunga rangi kwa rangi. Redio kimya. Nikaamini mbovu, nikakata soketi yote nitafute moto, nikabaki na rundo la waya mkononi nisijue upi ulitoka tundu lipi. Jioni imeingia, mwenye gari, mama mmoja mwalimu, amejikunyata kwenye benchi na kitenge chake, wala hanisemeshi. Bora angenitukana.

Kumbe kwenye Toyota nyingi wa njano na mweusi ni wa spika ya nyuma kushoto, na mwekundu ni wa spika ya nyuma kulia. Moto wa kudumu uko kwenye bluu yenye mstari wa njano, moto unaokuja ukiwasha swichi uko kwenye kijivu, na hasi ni kahawia. Redio mpya nyingi zina mpangilio wake: njano moto wa kudumu, nyekundu moto wa swichi, nyeusi hasi, na kijivu ni spika ya mbele kulia. Hicho kijivu ndicho kibaya. Upande wa gari kimebeba volti 12, upande wa redio ni waya wa spika. Viunganishe, umeiunguza redio ya mtu kabla haijaimba hata wimbo mmoja.

Kwa hiyo nunua soketi ya kuungia, ile inayochomekwa kwenye soketi ya gari bila kukata kitu. Toyota nyingi zina mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Waya zote unaziunga mezani, kati ya soketi hiyo na mkia wa redio mpya, yaani waya zinazokuja nayo, huku gari lenyewe hujaligusa. Halafu pima kwa mita kila tundu kabla ya kuchomeka, maana soketi za bei rahisi nazo hukosewa rangi. Ukipishanisha moto wa kudumu na wa swichi, redio itasahau vituo kila ukizima gari. Waya zote mbili ukizipa moto wa kudumu, redio itanyonya betri usiku kucha, na asubuhi ya mwezi wa saba kule Uyole gari haliwaki, simu unapigiwa wewe. Waya hasi za spika usizipeleke kwenye bodi ya gari hata siku moja. Kila spika irudi na waya wake.

Kabla ya kufungua dashibodi, toa hasi ya betri kwa spana namba 10, subiri walau sekunde 90 kwa ajili ya erbegi, mfuko wa hewa wa usalama, usije ukafyatuka. Kama ni asubuhi ya baridi, kabla ya kutoa betri liache gari juani au washa hita. Plastiki ya dashibodi ikiwa baridi inakatika vishikizo kama biskuti.

Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, mpya nyingi ni 178. Nafasi inayobaki, milimita 11 kila upande, inazibwa na fremu. Vyuma vya pembeni vinavyoishika redio, hamisha vile vya zamani, kwa skrubu fupi. Ndefu inaingia ndani ya redio na kutoboa usichokiona. Ukisukuma redio ikagoma, itoe, panga waya ziende chini, usiipige kiganja.

Redio ya zamani ifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, mpe mwenyewe. Siku akiuza gari anairudisha na soketi inaingia kama ilivyotoka kiwandani. Na ukiletewa gari lililokwisha kukatwa na mwingine, tafuta soketi ya gari kama hilo kwa wauza skrepa, ikiwa bado na mkia mrefu wa waya, uirudishie kwa risasi ya kuchomelea na mpira wa kukaza, ule unaonywea ukipashwa moto, kila waya peke yake. Mimi ile ya mwalimu niliirudishia hivyo, siku mbili, bila malipo.