Maswali ya Jikoni: Jambalaya ya Kamba

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu jambalaya, ule wali mwekundu wenye pilipili wa Wakrioli wa New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Unapikwa sufuria moja na kamba, nyanya na soseji. Waliojaribu wameniandikia, wengine wamefurahi, wengine wamenuna. Naanza na walionuna.

Wali ulitoka bwabwa, kamba wakawa raba ya kandambili. Nilikosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Pole, dada. Uliandika kwamba ulitia vyote kwa pamoja, na kosa ndilo hilo. Kamba anaiva kwa dakika tatu au nne, mchele unataka kama ishirini. Wamenye kamba, toa ule mshipa mweusi wa mgongoni, watie chumvi kidogo na uwaweke pembeni.

Vichwa na maganda usitupe! Vikaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu na jiko zima linukie, mimina maji vikombe 5, chemsha nusu saa, kisha chuja. Supu hiyo ndiyo ya kupikia wali, na utamu wote umo humo. Mtu akiniambia jambalaya yake haina ladha, swali langu la kwanza ni maganda yalikwenda wapi.

Kwa vikombe 2 vya basmati, tia supu vikombe 3 tu, maana nyanya nazo zina maji yake. Supu ikianza kukauka, punguza moto, funika, na mwiko uufiche. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nafunua na kugeuza kila baada ya dakika mbili. Tulikula uji mwekundu, wageni wakasifia kachumbari. Zikibaki dakika tano, panga kamba juu ya wali na ufunike tena. Mkia ukijipinda kidogo, ameiva. Akijiviringisha kama pete, umeshachelewa.

Si pilau tu hii iliyotiwa nyanya? (Msomaji, Mombasa)

Nilijua Mombasa hamtaniacha. Kwa namna ya kupika ni ndugu: unaunga, unatia mchele, unafunika, hata kupalia mkaa juu kunafaa. Kinachotofautiana ni viungo. Humu hamna bizari ya pilau, iliki wala karafuu. Msingi wake ni kitunguu, pilipili hoho la kijani na seleri, vitu vitatu ambavyo wapishi wa Louisiana wanaviita utatu mtakatifu. Vikate vidogo vidogo, kitunguu kiwe kingi kuliko vingine, na uvikaange taratibu mpaka vilegee. Kisha thaimu, kitunguu saumu, paprika na jani la bay (bay leaf). Waakadia wa vijijini hukohuko Louisiana, maarufu kama Cajun, hawatii nyanya kabisa. Wao hukaanga nyama mpaka igande kahawia chini ya sufuria, na rangi ya wali hutoka hapo.

Sisi hatuli nguruwe. Soseji je? (Msomaji, Muscat)

Ile ya kwao, andouille, kweli ni ya nguruwe, na hukaushwa kwa moshi. Tumia ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, ikate vipande, ikaange kwanza kabisa ili mafuta yake yaungie vitunguu. Ukikosa, iache, kisha ongeza paprika ya moshi kijiko kimoja cha chai. Soseji laini za chai usizitie, zinapasuka na kuharibu wali.

Pilipili gani? (Msomaji, Dodoma)

Ya unga nyekundu, nusu kijiko cha chai, halafu onja supu kabla ya kutia mchele. Pilipili mbuzi ina harufu yake na itafunika ya kamba.

Gumbo na jambalaya ni kitu kimoja? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Gumbo ni mchuzi mzito, wali unapikwa mbali na kupakuliwa nao. Lakini umegusa jambo ninalolipenda: jina gumbo linatokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, likafika Louisiana na watu waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo bamia zako zina jamaa New Orleans. Zikate, zikaange pembeni hadi utelezi upungue, na wiki ijayo nitakupa mchuzi wenyewe.